Kuku Aliyeatamia Moyo

Ninyi mtakaosoma haya, mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi walikopita ng'ombe. Yapo maneno niliyoyaandika nikayafuta, nikayaandika tena, na bado sina hakika nayo, hasa yenye r na l, maana midomo ya kwetu haizitenganishi sana. Mhariri akitaka kunyoosha tahajia, anyooshe, ila yaliyotokea ayaache yalivyo. Naandika polepole. Barua fupi tu hunichukua tangu chai ya asubuhi mpaka maharage yaive. Haya nimeona niyaandike kwa sababu siku ya kuyasema kwa mdomo niliinama juu ya beseni la vyombo nikanyamaza.

Ilikuwa Kigwa, kwenye msiba wa Mwalimu Nyamizi. Mtani wa msiba alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo aliyestaafu kazi ya reli akabaki huko huko. Tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi waliposhuka pwani na mizigo yao wakalala kwenye nyua za Wazaramo, watu hawa wametaniana, na mtani ana ruhusa ya kumcheka hata maiti. Mzee Pazi alikuwa amevaa koti jeupe la marehemu, mkononi ana bomba la sindano lisilo na kitu, anapita kati ya masufuria akiwaambia wapishi wampishe achape nyama. "Mwalimu wenu alichapa nyama mwaka mzima Tabora," akasema, "mbona leo tunakula maharage?" Waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakajifuta machozi mara ya pili. Kisha akatoa simu akaonyesha ile video yetu ya zamani, kitu cha kijivu kinachotikisika kidogo. "Mnaona? Hapo ni Itetemia. Kwa jina lile, kila kitu lazima kitetemeke." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha.

Baadaye mama yake Mwalimu alikuja pale nilipokuwa naosha sahani, akavuta kigoda akakaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama mimi ndiye Kalunde wa Itetemia. Nikakubali. Aliangalia povu. "Mtani hakasirikiwi," akasema, "nami sikumkasirikia. Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Kile kitu kilikuwa hai, au mwanangu alikuwa anajifurahisha?" Nikamwambia kilikuwa hai. "Nani mwingine alikiona?" Nilitafuta jina la kumpa nikalikosa. Alitikisa kichwa polepole, akanyanyuka, akarudi kwa wageni wake. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya utani. Utani hunoga pale watu wote wanapoujua ukweli. Ukimwita mnene kijiti, wote wanamwona alivyo. Lakini kuhusu kazi ya Mwalimu Nyamizi ukweli niliujua mimi peke yangu, na utani ulipoisha hapakuwa na kitu kingine kilichobaki pale msibani.

Mwaka huo wa kuchapa nyama, zamani kabla ya msiba, nilikuwa binti mkubwa tayari, naishi na shangazi yangu Mwanvua, tunafuga kuku wa kienyeji pale Itetemia. Sikuwa mtu wa maneno. Wateja wakija nilijificha nyuma ya banda nikamwachia shangazi. Mwalimu Nyamizi alifika asubuhi moja kwa baiskeli, amevaa viatu vya kufungwa kamba na miwani iliyoshikwa na plasta, akaomba mayai yaliyokwisha kulaliwa. Shangazi alidhani hakumsikia vizuri. Akamwambia mayai mapya yapo, ya leo, bado yana joto la kuku. Mwalimu akasema hapana, anayataka yale ambayo kuku ameyaatamia kwa wiki moja hivi, yaliyoshika. Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Mwalimu, hayo hayakaangwi wala hayachemshwi. Ukiyapasua utakuta mtoto." Mwalimu akajibu kwa heshima kabisa, "Huyo mtoto ndiye ninayemtaka, shangazi. Nataka moyo wake." Nilikuwa nyuma ya banda. Nilisikia shangazi akivuta pumzi, na najua alichofikiri, kwa sababu mimi nami nilifikiri hicho hicho: mganga amekuja na baiskeli.

Ilichukua sahani nzima ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi mpaka tukaelewa, na hata hapo shangazi alielewa nusu. Mwalimu alifundisha sayansi kwenye chuo kimoja mjini. Alikuwa ameona mtandaoni michoro ya mashine ya kuchapa tishu, yaani nyama hai ya mwili, seli kwa seli, ili watafiti waweze kujaribu dawa na kujifunza namna ya kutibu majeraha bila kumgusa mgonjwa. Mashine za namna hiyo zinazouzwa ni ghali mno kwa chuo kama kile. Lakini walikuwepo watu katika nchi mbalimbali waliochora za bei nafuu, wakaiweka michoro yao wazi, kila mtu aichukue, aitengeneze, airekebishe na kuirudisha ikiwa nzuri zaidi. Mwalimu alikuwa na msemo wake juu ya jambo hili, na alipenda kuusema akimenya karanga. "Babu zetu walibeba mizigo iliyofungwa. Mpagazi hakujua amebeba nini. Huu ni mzigo uliofunguliwa, kila kambi watu wanaona kilichomo, wanaongeza chao, unasonga mbele." Shangazi akamuuliza, "Na wewe umeongeza nini?" Akasema bado hajaongeza kitu, ndiyo maana amekuja kuomba mayai.

Mimi ndiye niliyejua yai gani limeshika. Nilikuwa nalimulika kwa tochi, naona mishipa kama mizizi ya mchicha, basi Mwalimu akanichukua niwe naye, na shangazi akakubali kwa sharti kwamba nirudi kabla ya magharibi. Chumba alichopewa chuoni kilikuwa stoo ya viti vibovu, kina dirisha moja linalotazama tangi la maji. Katikati, juu ya meza, ilikaa mashine yenyewe. Mwalimu aliitengeneza kutoka tumbo la mashine ya fotokopi iliyokufa kwenye steshenari ya sokoni. Mota zilitoka humo, mikanda humo, na vyuma vya kutelezea humo. Mahali pa wino palikaa bomba la sindano la duka la dawa, na mota moja ndogo ililisukuma polepole sana. Badala ya karatasi kulikuwa na kisahani cha kioo. Ilipoanza kutembea ilitoa sauti ya mtu anayesukutua maji mdomoni, na sindano ikaenda na kurudi, kwenda na kurudi, inaacha uzi mwembamba unaong'aa. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, sikuthubutu kuingia. Nilihisi kama nimefika chumba mtu anamosali.

Wino wake ulikuwa unga wa jelatini, uliotengenezwa kwa ngozi za ng'ombe, uliokorogwa na unga mwingine wa mwani wa baharini. Mwalimu alikuwa anacheka akiuonyesha. Alisema labda ng'ombe huyo alitoka Igunga, ngozi yake ikashuka pwani, ikaenda ng'ambo, imerudi na treni ikiwa unga, na mwani umeungana naye njiani. Tulijaribu uzito wake kwa vidole. Ukiwa mwepesi unatawanyika, ukiwa mzito unaua seli kwa kuzibana. Tulikuwa na jina letu la uzito sahihi, tuliuita mlenda uliopoa. Kila kitu kilichemshwa kwanza kwenye sufuria ya presha iliyotoka jikoni kwa Mwalimu, na siku ya Ijumaa sufuria hiyo hiyo ilirudi kupika makande, kwa hiyo Jumatatu kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuisugua.

Nataka niseme juu ya yai la kwanza, maana mwaka wote umekaa humo. Mwalimu alilivunja juu kwa koleo ndogo, akaondoa ganda kipande kwa kipande kama mtu anayemvua mtoto nguo akiwa amelala. Ndani, juu ya kiini cha njano, palikuwa na mishipa, na katikati ya mishipa nukta nyekundu iliyokuwa ikiruka. Nimechinja kuku tangu utotoni. Nimeona mioyo yao sokoni, kwenye supu, mkononi mwangu. Sikuwa nimewahi kuuona moyo usiojua bado kwamba una mwenyewe. Kifaranga hakuwa na bawa wala mdomo wa kudonoa, lakini moyo ulikuwa kazini tayari, haujaambiwa na mtu. Nilimuuliza Mwalimu nani ameuanzisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza kitu. Alisema wenye elimu wanaweza kueleza unavyoanza, hatua kwa hatua, na yeye angenieleza, ila kila akiuona hujikuta anauliza swali langu lile lile. Kisha akanieleza kwa subira yote, nami nikaelewa, na mshangao haukupungua hata kidogo.

Kazi ilikuwa kuichukua mioyo midogo ya namna hiyo, kuitenganisha iwe seli moja moja, kuzichanganya na ule mlenda, na kuzichapa ziwe uzi. Seli za moyo zikibaki hai zikakutana tena, hushikana na kuanza kupiga pamoja. Ndivyo wengine waliokuwa na vyumba vizuri walivyoona. Sisi hatukuona. Tulichapa nyuzi nzuri, zimenyooka, na chini ya hadubini seli zilikuwa zimetulia kama mchanga. Wiki baada ya wiki ilikuwa hivyo. Mwalimu alibadilisha kasi, akabadilisha sindano, akabadilisha mlenda. "Kalunde," aliniambia siku moja akifuta miwani, "tumekuwa hodari wa kuchapa maiti." Wakati huo huo mkuu wa chuo alikuwa amemwambia kwamba muhula ukiisha chumba kitatakiwa kwa ajili ya kuhifadhi mitihani, isipokuwa kama kuna kitu cha kuonyesha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja mara mbili, aliinamia hadubini kwa nia njema kabisa, akanyanyuka akisema kazi ni nzuri, akiangalia viti vilivyorundikwa nje kwenye jua. Mtaani nako jina lilikuwa limeshapatikana, Mwalimu Mchapa Nyama. Watoto walimuuliza akipita kama nyama imekosa nini mpaka ichapwe. Naye alikuwa akisimamisha baiskeli kuwajibu kwamba imechelewa shule.

Muhula ulipokaribia mwisho tulichapa uzi tulioujua ni wa mwisho. Mwalimu aliutia kwenye kikopo bapa cha kioo chenye mfuniko wa kufunga, ndani ya maji ya chakula cha seli, yana rangi ya juisi ya rozela. Akakifunga kwa plasta. Tulikuwa tumekiweka kwenye sanduku letu la joto, lililotengenezwa kwa ubao na balbu, umeme ukakatika. Tulizoea kukatika kwake, ila siku hiyo fundi aliyepita barabarani alisema nguzo imeanguka, tusitegemee kitu mpaka kesho. Seli zile zinataka joto kama la mwili wa kuku, zikipoa muda mrefu zinakufa. Mwalimu alikitoa kile kikopo, akakizungushia kitambaa, akakitia kifuani chini ya blauzi, akapanda baiskeli kwa mkono mmoja mpaka kwetu. Nilimfuata kwa miguu. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, amejikumbatia, na shangazi anapepeta mchele pembeni akimtazama.

Shangazi aliuliza amebeba nini. Akamwambia. Aliuliza atakaa hivyo mpaka lini. Mwalimu akasema mpaka umeme urudi. Shangazi akapepeta mara mbili tatu. Kisha akasema kwa ule mdomo wake wa kuchokoza, "Kama kinataka joto la kuku kipe kuku. Wewe huna manyoya." Alikuwa anatania. Nilimwona akiinua ungo ili acheke vizuri. Mwalimu hakucheka. Akageuka kwangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Bi Mkubwa bado analalia?"

Bi Mkubwa alikuwa koo wetu, kuku mama mweusi, mkali, mwenye kifua kipana. Alikuwa ameatamia wiki ile. Nilikifuta kikopo, nikakifunga kitambaa laini, nikaingiza mkono chini yake kwa ukimya kama ninavyoingiza yai la bandia. Alinidonoa kama kawaida yake. Halafu akanyanyuka kidogo, akakisukuma kile kikopo kwa mdomo mpaka kikakaa katikati ya mayai yake, akashuka juu yake na kujitandaza. Mwalimu alichuchumaa mlangoni mwa banda na viatu vyake vya kamba, amefunika mdomo. Sisemi Bi Mkubwa alijua. Alikuwa kuku. Lakini nilimwona akikipokea.

Asubuhi Mwalimu alikuja na hadubini kwenye kapu la baiskeli. Tuliiweka juu ya meza ya shangazi karibu na dirisha, tukaigeuzia kioo chake kwenye jua. Nilikitoa kikopo, kilikuwa na joto kama kikombe cha maziwa. Mwalimu akainama, akazungusha, akazungusha, akaacha. Nilidhani ni mchanga tena. Akanisogeza mbele. Niliweka jicho. Niliona ule uzi wetu, kingo zake zilizonyooka za mashine, na nilianza kumwambia pole. Halafu uzi ukajikunja. Ukaachia. Ukajikunja. Haukuwa wote, ulikuwa ni upande mmoja, kipande kidogo kuliko jicho la sindano, lakini kipande hicho kilikuwa kinavuta na kuachia, kinavuta na kuachia, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayekamua ng'ombe na hana haraka. Seli hizo zilitoka kwa vifaranga mbalimbali. Zilikuwa zimetenganishwa, zimekorogwa, zimepitishwa kwenye sindano ya mashine iliyokuwa ikitoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Zilikuwa zimefika mahali zisipopajua, gizani, chini ya kuku, zikatafutana na kukubaliana mwendo mmoja. Mwalimu alikuwa amekaa chini sakafuni, analia na kuimba kidogo kidogo wimbo wa kanisani kwao.

Tukaona jambo jingine. Kadiri tulivyotazama, mapigo yalipungua. Yakawa kama mtu anayekaribia kulala, yakasimama. Mwalimu akasema ni baridi tu, chumba si kifua cha kuku. Nikakirudisha. Tulikunywa uji, nikakitoa tena, na ule uzi ukaamka. Hapo ndipo Mwalimu aliposhika simu juu ya hadubini na kuchukua ile video. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kweli, Mzee Pazi hakukosea. Lakini ukisikiliza vizuri, nyuma utasikia kuku akilalamika kwamba amenyang'anywa kitu. Shangazi alikataa kuangalia. Alisema kazi ya Mungu haichunguliwi kwa tundu. Sasa naye ametangulia, wala sikuweza kumtaja kwa mama yake Mwalimu.

Mkuu wa chuo alikuja baada ya siku kadhaa, kwa miguu yake, mpaka bandani, akavua kofia kupita mlango mfupi. Bi Mkubwa akamdonoa kidole cha pete. Alitazama kwa hadubini muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Lakini maji ya chakula yalikuwa yamegeuka rangi, na uzi ulikuwa umetulia moja kwa moja. Alisema, kwa upole, "Mwalimu, sioni kinachotikisika." Mwalimu hakubishana. Alimpa maji ya kunawa na kitambaa cha kidole. Chumba kikachukuliwa, mashine ikahamia stoo kwetu, na mwaka uliofuata Mwalimu akahamishiwa Bukene kufundisha huko, ambako alikaa mpaka ugonjwa ulipomrudisha Kigwa.

Lakini kabla hajaondoka aliongeza chake kwenye mzigo. Aliandika yote, mota za fotokopi, mlenda uliopoa, sufuria ya presha, akayarudisha mtandaoni kwa Kiingereza na Kiswahili, bure kama alivyoyapata. Kwenye sehemu ya joto aliandika tu, hata upande wa Kiingereza kwa Kiswahili kile kile, "Kuku, mmoja." Baada ya muda mtu wa mbali akaandika kuuliza KUKU ni mashine ya kampuni gani, na kama vipuri vyake vinapatikana. Mwalimu alinisomea uani akicheka mpaka miwani ikaanguka. Akamjibu kwamba haina kampuni, inatumia mtama na pumba, na vipuri inavitaga yenyewe.

Michoro ile bado ipo. Kwa hiyo ninaomba. Kama kuna mtu mahali popote aliyeichukua, akajenga, akachapa uzi wa moyo na kuuona ukipiga, hata kidogo, hata upande mmoja, aniandikie. Mhariri anajua pa kunipata. Sitaki maneno makubwa. Niandikie uliona nini na ulikiweka kwenye joto gani. Mwandiko mbaya si neno. Barua yako nitaisoma polepole mpaka niimudu, kisha nitapanda treni kwenda Kigwa nikamsomee mama yake, Mzee Pazi akiwa amekaa hapo hapo anatania, na safari hiyo tutacheka wote.